Ufunguo Mmoja wa Nyumba Sita

Garissa
4 Agosti 2025

Kwa fundi Abdiladif, Sultan Hamud

Salaam. Hunijui, lakini dada yako Nasteho ananijua kuliko ninavyotaka. Duka lake la vitambaa limepakana na kibanda changu cha kushona sare za shule, na kila ninapokuwa na shida yeye huinusa kabla sijafungua mdomo. Ameniambia wewe ni fundi wa kufuli, na kwamba mashine za kusaga chuma zilikuharibu masikio hata kwenye simu husikii ila kelele. Basi nakuandikia. Barua atakuletea kondakta wa basi.

Kazi yenyewe ni hii. Nyumbani kwetu ni ng'ambo ya Tawa, bondeni, ambako hata simu nzima haishiki mtandao. Ni boma la nyumba sita: nyumba kubwa ya matofali, jikoni, ghala la nafaka, stoo ya majembe, chumba cha wageni, na nyumba ndogo ya mabati ya ndugu yangu Musyoka. Kila mlango una kufuli lake na kila kufuli lina ufunguo wake. Mama yangu, Nzilani, anaishi humo peke yake na rundo la funguo kiunoni kama askari jela. Nataka ubadilishe makufuli yote, upange ufunguo mmoja ufungue kila mlango, na nakala moja uniletee mimi.

Nina haraka, na sababu ni hii. Tangu mwezi wa sita mama ananiandikia kwamba mlango wa Musyoka anaukuta wazi asubuhi. Simu niliyomnunulia ameifungia kabatini isiharibike, kwa hivyo kila habari inanifikia kwa karatasi, na karatasi ya mama inatisha kuliko sauti yake. Musyoka hayupo. Alipata kazi ya utingo kwenye lori la mifugo, akasafiri, akaenda na ufunguo wake. Hakuna mwingine.

Mama atakukataza kugusa kufuli lile. Usimsikilize. Likate, weka jipya, na huko ndani usiingie.

Wako,
Wayua


Sultan Hamud
13 Agosti 2025

Dada Wayua,

Barua yako ilifika ikinuka dizeli lakini ilisomeka. Juzi nilichukua mfuko wangu wa vyuma nikaenda kwenu.

Kwanza nikushtaki kwa mama yako, kisha nimshtaki yeye kwako. Wewe uliniambia ni mtu wa kuonewa huruma. Huyo mama alinikagua langoni kama ng'ombe wa mnada, akaniuliza nilikula nini asubuhi, akaniketisha jikoni, akanipa chai ya maziwa na muthokoi, yale mahindi yenu ya kukobolewa, na yote hayo kabla ya kuniuliza nimetumwa na nani. Nilipomwita Mama Wayua akanisahihisha. "Niite Mama Musyoka," akasema, tena akalisema kwa nguvu, mdomo karibu na sikio langu, ili nisilikose.

Nyumba nyingine hazina tabu. Kitasa cha nyumba kubwa ni cha zamani na kizuri, sitaki kukivunja, lakini ufunguo alio nao mama umelika meno, na anasema wa akiba uko kwako. Nitumie funguo zote za nyumbani ulizo nazo ili nipange pini za ndani bila kubomoa kitu.

Shida ni nyumba ya Musyoka. Mama alisimama mlangoni mikono kiunoni. Akasema, "Huyu kijana akirudi akute kufuli geni, atajuaje kwamba bado hapa ni kwao?" Niliomba angalau nilitie mafuta na akakubali.

Sasa nikuambie kile nilichokuta, kwa sababu umenilipia macho yangu. Mimi sisikii vizuri, dada, lakini vidole vyangu vinasikia. Kufuli lililokaa bila ufunguo linakuwa gumu, lina kutu na buibui. Hili ni laini. Linatumika. Tundu lake linang'aa. Na nilipolitikisa lilitoa mchanga, mwingi kuliko kufuli linavyoweza kubeba. Mchanga wenyewe ni mweupe, laini kama unga. Udongo wa kwenu wote ni mwekundu. Mchanga kama ule mimi naujua kutoka kwetu, kule upande wako, kwenye laga, ile mito inayokauka mwaka mzima halafu ikaja siku moja na hasira. Sijui umefikaje Tawa.

Kufuli sikulikata. Nitarudi ukinitumia funguo.

Abdiladif


Nyumbani
14 Agosti 2025

Wayua mwanangu,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Barua hii anaipeleka Mbithi wa dawa za mifugo, ambaye amenunua pikipiki na sasa anajiona rubani.

Fundi wako amekuja. Ni mtu mwenye adabu, kikombe alikirudisha kimeoshwa. Ila hasikii. Nimepiga kelele hadi kuku wakakimbia.

Unaniambia kila mara nisikuandikie habari za ule mlango, lakini nimwandikie nani? Jumapili nimetoka kanisani nikaukuta wazi tena. Hakuna kilichoibwa. Godoro liko, redio yake iko, viatu vyake vya mpira viko chini ya kitanda jinsi alivyoviacha. Ila sakafu ilikuwa na maji. Kutoka mlangoni hadi katikati ya chumba, kama mtu aliyeingia na nguo zimelowa akasimama kidogo, akawaza, halafu asijue akae wapi. Na wewe unajua mvua hatujaiona tangu mwezi wa tano. Tangi liko nusu, nayapima kwa kikombe.

Nilipanguza kwa gunia. Sikuogopa. Unaogopaje mtu anayerudi kwao?

Kanisani bado tunamwombea safari yake. Nawe mwombee.

Mama yako,
Nzilani


Garissa
22 Agosti 2025

Mwaitu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Mama, tafadhali. Maji ni mbwa wa Mbithi aliyetoka kujigaragaza kwenye birika la ng'ombe akaingia mlango ukiwa wazi. Au ni paa. Umande unakusanyika kwenye mabati na unadondoka. Kuna sababu kumi za maji, na zote ni za kawaida.

Na mlango unafunguliwa na vijana wasio na kazi, wanaojua kuna mama mzee peke yake. Ndiyo maana nimemtuma fundi. Ukimzuia unanizuia mimi. Mimi nikilala huku naona hilo boma, mama, naona milango yote sita, na siwezi kuifunga kutoka hapa.

Mwache aweke kufuli jipya. Musyoka akirudi tutampa ufunguo mpya, basi.

Unameza dawa za presha? Daktari alisema usiziruke, na usijipe mawazo.

Binti yako,
Wayua


Garissa
22 Agosti 2025

Fundi Abdiladif,

Nakutumia funguo zote nilizo nazo za nyumbani. Nimezitia kwenye soksi na kuifunga, kondakta asije akazimwaga. Nilizitoa kwenye mkebe wa vifungo bila kuzichambua kwa sababu nina oda ya shule tatu na mashine moja imeharibika. Ule mrefu ndio wa nyumba kubwa. Zingine sijui, jaribu mwenyewe.

Mambo ya mchanga usiyaandike tena. Na kama ulimtajia mama, umwambie ulikosea.

Wayua


Sultan Hamud
1 Septemba 2025

Dada Wayua,

Nimeanza barua hii mara kadhaa, na kila mara naona bora nichonge funguo.

Nilirudi kwenu Alhamisi. Mama alikuwa ameketi mlangoni pa ghala akipukuchua mbaazi. Nilimwaga soksi yako juu ya gunia mbele yake na kuanza kujaribu, mlango kwa mlango. Ule mrefu ulikuwa wa nyumba kubwa, kama ulivyosema. Mwingine wa stoo. Ukabaki mdogo mmoja uliofungwa uzi wa kitambaa kilichosukwa, uzi uliopauka hadi hauna rangi. Haukuingia jikoni, haukuingia chumba cha wageni. Mimi bila kuwaza, na hapo ndipo kazi yangu inaponiponza, nikaupeleka kwa Musyoka.

Ulizunguka, dada. Ulizunguka bila kusita, kwa sababu ulikatwa pamoja na lile kufuli kiwandani. Mkono wangu hauwezi kukosea hilo.

Wewe ulisema ufunguo alienda nao.

Nilipogeuka mama alikuwa nyuma yangu. Sikumsikia akija, lakini mimi simsikii mtu yeyote. Alinyoosha mkono nikampa. Aliushika uzi ule, akaupitisha kati ya vidole pole pole kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu akanirudishia ufunguo. Akaniuliza kama nitakunywa chai nyingine. Nikasema nitakunywa. Tukarudi jikoni, tukanywa. Chai ile haikuwa na sukari. Alisahau, na mimi sikuthubutu kuiomba.

Jambo la pili. Nimejua ni nani anayeufungua ule mlango, makufuli yenyewe yameniambia. Si mwizi na si jini. Lakini hiyo ni siri ya mwenye boma na mimi nafunga milango, sifungui midomo ya watu. Muulize mwenyewe.

Nimebaki na ufunguo huo mezani kwangu. Watu wengi hunijia wamepoteza funguo. Hii ni mara ya kwanza naletewa ufunguo na sijui mwenyewe yuko wapi. Niambie nifanye nini.

Abdiladif


Garissa
5 Septemba 2025

Fundi,

Umeuweka mezani? Utoe mezani. Ufunge kwa karatasi, uweke mahali ambapo hauonekani.

Nitakuambia kwa sababu umeshajua nusu, na nusu yako ni mbaya kuliko yote. Musyoka alifariki mwaka juzi, Novemba, mvua zile kubwa. Lori lao lilijaribu kuvuka laga mbele ya Garissa, maji yakiwa yameshaanza kushuka. Mbuzi waliogelea wakatoka. Yeye alikuwa nyuma akishikilia turubali. Mimi nilipata habari kwa Nasteho, ambaye alizipata kwa wenye mifugo, na hadi nafika walikuwa wamemzika siku nyingi, kwenye kilima kidogo cha mchanga, na mawe yamepangwa vizuri. Walimwosha, wakamvika sanda, wakamwombea dua kama mtoto wao. Hawakujua ni Mkristo, na hata wangejua, wangefanya nini zaidi? Mzee mmoja mwenye duka alikuwa ameutundika ule ufunguo ukutani, akisema mwenye mlango atakuja. Nikaja mimi.

Usinihukumu. Mama alikuwa ametoka hospitali na presha iliyomlaza siku nyingi, na daktari alinivuta kando akaniambia mshtuko mmoja tu unatosha. Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe wa mwisho amelala kwenye mchanga wa watu, mbali na kaburi la baba yake, na siwezi kumrudisha? Nilisema nitangoja apate nguvu. Halafu akapata nguvu, na mimi zangu zikaisha.

Kwa hivyo sikiliza. Umwambie mama ule ufunguo ni nakala. Sema Musyoka alinichongea kabla ya kusafiri. Wewe ni fundi, atakuamini. Kisha weka makufuli mapya, umalize, na uniletee ufunguo wangu.

Na hiyo habari ya kwamba unamjua anayefungua, kama ni mama mwenyewe basi nashukuru Mungu. Nilikuwa nimeanza kulala na taa.

Ila kama ni yeye, maji anayatoa wapi? Mimi sikumwambia mtu yeyote huko nyumbani habari za maji.

Wayua


Sultan Hamud
15 Septemba 2025

Dada Wayua,

Pole. Pole sana. Nimemsomea Fatiha ndugu yako, nikajua hutakataa.

Nilienda kwenu nikiwa nimeubeba ule uongo wako vizuri mdomoni, na njia nzima nikiurudia. Sikupata nafasi ya kuutema. Mama hakuuliza kitu. Alikuwa ameyatoa makufuli yote ya boma, ameyapanga juu ya meza kama vikombe vya harusi, na akaniambia kazi anayoitaka. Ni ile ile uliyoitaka wewe, ufunguo mmoja wa milango yote. Ila kuna namna aliyotaka ifanyike, na atakuandikia mwenyewe.

Nimefanya alivyosema. Najua wewe ndiye uliyeniita, lakini boma ni lake, na mimi siwezi kumfungia mtu nyumba yake kwa namna asiyoitaka. Ukitaka kugombana nami, njoo Sultan Hamud, tutagombana kwa sauti kubwa.

Lile kufuli la Musyoka nililifungua lote, pini kwa pini, nikaliosha kwa mafuta ya taa hadi likawa safi. Niliporudi kulijaribu baada ya chai lilikuwa na mchanga tena. Ulinikataza kuandika mambo hayo, lakini nikinyamaza nitaota.

Abdiladif


Nyumbani
16 Septemba 2025

Wayua mwanangu,

Mbithi ananingoja langoni na pikipiki inanguruma, lakini leo atangoja.

Ule ufunguo nimeuona. Uzi wake niliusuka mimi, kwa pindo la leso yangu, siku Musyoka alipopata kazi ya lori. Nilimvika shingoni na akacheka akasema namfunga kama ndama. Ulikuwa mwekundu. Kwa hivyo fundi asihangaike kunitungia hadithi juu yake. Nilimwona njia nzima kutoka langoni akitafuna maneno, nikamhurumia nikampa kazi nyingine.

Sitakuuliza kwa nini ulinificha. Najua. Uliniogopea, na kweli nilikuwa wa kuogopewa wakati ule. Lakini uliniona mjinga, Wayua. Ile Krismasi ulikuja hapa, ukala, ukafua, ukapaka jikoni chokaa, na kwa siku zote hizo hukusema hata mara moja "Musyoka akirudi." Zamani ulikuwa ukisema kila saa. Musyoka akirudi atarekebisha hili, Musyoka akirudi nitampa lile. Hapo ndipo nilijua. Ukaja kuliandika mwezi uliopita kwa mara ya kwanza, na ulikuwa umebonyeza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Lakini kujua na kuambiwa si kitu kimoja. Siwezi kulia kwa kukisia. Siwezi kusimama kanisani niseme mwanangu hayupo, waniulize nani kasema, niseme ni binti yangu alipaka chokaa bila kuongea. Wanamwombea safari njema kila Jumapili, na mimi naitikia amina pamoja nao, na nimechoka, mwanangu. Nimechoka sana.

Ndiyo maana nilianza kukuandikia habari za mlango. Mlango nilikuwa naufungua mimi. Lile kufuli na la ghala baba yako aliyanunua pamoja Tawa, siku moja, ya bei ya chini, na ufunguo wa ghala unafungua yote mawili. Musyoka alilijua hilo tangu mtoto, alikuwa akiniibia karanga. Nilikuwa naingia, nafagia, nakaa kwenye kitanda chake kidogo, halafu nauacha wazi na kuja kukuandikia. Nilitaka uogope kiasi cha kuja nyumbani useme. Badala yake ukaniletea fundi.

Sasa fundi amemaliza. Umetaka ufunguo mmoja, ni mmoja. Nimemwambia apange milango yote sita ifuate ufunguo wa Musyoka, kwa sababu nilimwambia kweli siku ile, kijana akirudi akute kwao panamjua. Nakala sikutaka. Ndio huo ndani ya bahasha, na uzi wake. Hapa hakuna mwingine. Makufuli yote yananing'inia wazi, na mlango wa nyumba kubwa nimeuegemeza kiti. Njoo ufunge mwenyewe. Lakini kwanza utakaa jikoni, utanywa chai, na utaniambia mwanangu amelala wapi, nani alimwosha, na kama walimwombea. Presha yangu iache, nitaishika mwenyewe.

Kuna jambo moja limebaki, na hili sikuandikii kukutisha. Nimeshakuambia la mlango, kwa hivyo niamini na hili.

Mlango ni mimi. Maji si mimi. Sijawahi kubeba hata kikombe kuingia kwenye ile nyumba. Na tangu fundi aondoke hayakauki. Leo asubuhi yalikuwa yamefika kitandani, godoro lote limelowa, na chini yake kumejaa mchanga mweupe ambao hapa kwetu hatuna.

Njoo uniambie ni maji ya wapi.

Mimi,
Mama Musyoka